Sentensi Elfu Tatu za Mama

Jumatano, 5 Februari

Kaka,

Nilisema sitakuandikia, na ningeshika neno langu kama si kompyuta yako. Naiita yako kwa sababu wewe ndiye uliyeiunda, ukaisifu, ukaiacha mezani kwangu na kwenda zako machimboni siku kumi kabla Mama hajapewa majibu ya koo lake. Simu yako imefungiwa getini kwa sababu ya baruti, nimeelewa. Barua zinakuja na gari la mizigo mara moja kwa wiki, nalo nimelielewa. Basi soma.

Mama alifanyiwa upasuaji tarehe 9 Januari. Wametoa kisanduku chote cha sauti. Anapumua kwa tundu la shingoni, anakula vizuri, na hatasema tena. Mwanamke aliyetangaza safari za mabasi pale stendi miaka ishirini na miwili, hata waliochelewa wakampenda, sasa ananigongea kijiko mezani akitaka chumvi.

Kuna jambo hulijui. Mtaalamu wa usemi wa hospitali alituambia mapema kwamba mgonjwa akirekodi sentensi za kutosha kabla ya kukatwa, anaweza kutengenezewa kimashine cha kubonyeza kinachosema kwa sauti yake mwenyewe. Asiye na rekodi anapewa sauti ya mwanamke fulani anayeongea kama anasoma karatasi ya dawa. Kwa hiyo Desemba nzima tulijifungia chumbani kwangu, magodoro tumeyaegemeza ukutani kuzuia mwangwi, na Mama akasoma sentensi elfu tatu na mia mbili. Siku za mwisho alikuwa anakohoa damu na bado anasema, "Hiyo haikutoka vizuri, turudie."

Kazi yangu sasa ni kukata sentensi moja moja, kuisafisha na kuipa namba. Mwisho wa kupokea ni Ijumaa, tarehe 14 Machi. Na mashine yako imekuwa kobe. Ulipoitengeneza Oktoba ilikuwa inakimbia kama imeibiwa, leo nikihifadhi sentensi moja ya "Nani amechukua miwani yangu?" inaganda dakika mbili nzima. Nimekata mia nne tu.

Rekodi zote zipo kwenye zile diski zako mbili pacha. Kadi za kinasa sauti nilikuwa nazifuta kila jioni ili tuzitumie tena kesho yake, kwa hiyo hakuna kwingine. Niambie nifanye nini. Pole usinipe, za majirani zinatosha.

Mdogo wako


Jumamosi, 8 Februari

Mziwanda wangu,

Barua yako nimeisoma nimesimama, kofia ya kazi kichwani, watu wakinipita na sahani zao. Nilijua kuhusu upasuaji. Habari za rekodi ndiyo nazisikia leo. Hongera, na wala sikupigii chuku: mimi nisingekuwa na subira hiyo.

Tuanze na mambo ya kijinga, maana mara nyingi ndiyo yenyewe. Angalia diski zimejaa kiasi gani. Hizi diski za SSD hazina kitu kinachozunguka ndani, lakini zikijaa zinachoka. Ni kama chumba chenye samani nyingi, kusogeza kiti mpaka uhamishe kabati. Video za wateja waliokwisha kuchukua kazi zao, futa. Halafu ile programu ya kulinda virusi, iambie isikague folda ya Mama kila unapohifadhi. Zima mipangilio ya kubana umeme. Kisha tafuta ile programu ya kupima mwendo niliyokuwekea, uipime RAID, yaani diski zote mbili kwa pamoja, uniandikie namba mbili: ya kusoma na ya kuandika.

Lakini kabla ya yote hayo, nakili rekodi za Mama mahali pengine. Popote pale.

Ningekupigia leo hii kama ningeweza. Redio ya ofisi ipo, ila ni ya misiba tu, na msimamizi anataka kwanza jina la marehemu ndipo aiwashe. Mbusu Mama.

Kaka yako


Jumatano, 12 Februari

Kaka,

Nimefuta video za harusi kumi na moja. Nusu ya diski sasa iko wazi. Virusi nimewanyamazisha, umeme haubanwi tena. Mwendo wa kusoma ni mia moja na arobaini. Wa kuandika unaanza mia na ishirini, unashuka mpaka nne, unasimama, unaanza upya. Oktoba ulinionyesha namba iliyozidi elfu moja ukapiga makofi mwenyewe.

Kuhusu kunakili: kunakili nini, na kwa nini? Wewe ndiye uliyetukalisha mimi na Mama sebuleni ukatueleza kwa vidole viwili kwamba kila kitu kinaandikwa huku na huku, moja ikifa nyingine inacho chote. Diski ya nje uliondoka nayo wewe. Flashi yangu haitoshi hata robo ya rekodi, na sina siku ya kupoteza nikiangalia mstari wa kunakili unavyotambaa. Nina sentensi elfu mbili na mia saba mbele yangu.

Mama anaandika kwenye daftari. Jirani wa juu anadhani asiyesema hasikii pia, basi akija anampigia kelele: "UMESHINDAJE!" Jana Mama aliandika, "Mwambie nimeshinda vizuri mpaka alipokuja." Nilicheka, naye akacheka, na kicheko chake hakitoi mlio wowote. Sijakizoea.

Nahitaji jibu la kweli safari hii.

Mdogo wako


Jumamosi, 15 Februari

Mziwanda,

Nakili hata hivyo. Usiniulize kwa nini, fundi mzuri hajiamini hata yeye mwenyewe. Azima diski kwa mtu. Wateja wako wana diski, waombe. Kinga ni bora kuliko tiba, na hapa hatujaijua hata homa yenyewe ni ya nini.

Mwendo huo wa kushuka na kusimama haupendezi. Fungua programu ya afya ya diski. Utaona orodha mbili, moja ya kila diski, zenye mistari mingi ya namba. Ninukulie mistari yote iliyo na rangi ya njano au nyekundu, neno kwa neno, na uandike ni ya diski ipi. Usifungue kasha. Usichomoe kitu chochote mpaka nikuambie. Hilo nalisisitiza.

Huku tunapasua mwamba mara mbili kwa siku na vumbi linaingia hata kwenye chai. Nafikiri sana kuhusu Mama. Ulisema ile ya miwani umeshaikata? Anavyoisema najua: anaanza na hasira, anamalizia kwa kucheka kwa sababu iko kichwani.

Kaka yako


Jumatano, 19 Februari

Kaka,

Ndiyo, ipo. Namba 0388. Anacheka mwishoni, na mtaalamu amesema kicheko nikiache.

Diski ya kuazima sikupata. Mmoja aliniambia atanipa mwezi ujao, mwingine aliniuliza kama sina yangu. Niache na hilo.

Haya, mistari yako. Diski ya kwanza yote kijani. Diski ya pili kijani, ila mstari mmoja mwekundu: makosa ya mawasiliano, elfu nne mia mbili na kumi na sita. Jana yalikuwa elfu nne na mia moja. Kwa hiyo mgonjwa tumemwona, na anazidi.

Risiti yako ninayo. Dhamana ya dukani inaisha Ijumaa ya tarehe 28. Wakiipokea kabla ya hapo wananipa mpya bure. Wakiipokea Jumamosi wananipa pole. Nitasubiri gari moja tu, la Jumatano ijayo. Niambie: niitoe au nisiitoe? Neno moja linatosha, wala usijisumbue na habari za vumbi.

Zimebaki sentensi elfu mbili na mia tano. Mama anakuja kusimama nyuma ya kiti changu, anatazama mstari wa sauti yake kwenye kioo, anaondoka.

Mdogo wako


Jumatano, 26 Februari

Kaka,

Gari limekuja bila barua yako. Nilikwenda ofisi yao mara mbili, jana na leo. Karani alinifungulia mfuko wote nikaangalia kwa macho yangu. Sijui unaumwa au umechoka na sisi. Ukiwa unaumwa, pole.

Nimefungua kasha. Ile karatasi uliyoibandika ndani ya mfuniko bado ipo, kwa mwandiko wako wa kujidai: "Diski ikiugua: zima mashine, itoe, ipeleke dukani ibadilishwe, weka mpya. Pacha atamfundisha mgeni kila kitu." Angalau karatasi inanijibu. Nimeitoa diski ya pili na nimeifunga kwenye taulo. Kesho asubuhi naipeleka dukani.

Ikishajijenga upya nitakuwa na wiki mbili kamili. Nikikata sentensi mia mbili kwa siku nawahi. Mama ameandika kwenye daftari kwamba sentensi yake ya kwanza kwa mashine itakuwa ya kumfukuza jirani wa juu.

Mdogo wako


Jumamosi, 1 Machi

Mdogo wangu,

Barua yako imefika saa moja iliyopita. Kama kwa bahati duka lilifungwa, kama uliumwa, kama mvua ilinyesha ukaahirisha, rudisha diski hiyo mahali pake, kwenye tundu lilelile, na usimpe mtu aiguse. Nakuomba kwa jina la Mama.

Ndani ya bahasha hii kuna barua nyingine, ya tarehe 22. Niliiandika siku ileile nilipopata namba zako. Jumapili asubuhi nilisimama kwenye mlango wa gari, dereva akanyoosha mkono, nikamwambia sina kitu. Nilikuwa nayo mfukoni. Nilijiambia nitaandika nyingine wiki inayofuata yenye habari ya waya tu, bila hayo mengine, na wewe usingejua kamwe. Hiyo ndiyo sababu. Nimetafuta nyingine nzuri zaidi ya hiyo na sikuipata.

Kaka yako


Jumamosi, 22 Februari

Mdogo wangu,

Usiitoe. Umetaka neno moja, ndilo hilo. Usiitoe.

Makosa yale elfu nne si ya diski. Mstari ule unahesabu yanayoharibika njiani, kati ya diski na bodi ya mashine. Ni waya. Nilipofunga mashine Oktoba, waya mpya ulikuwa mfupi, nikachukua mzee mmoja kwenye boksi la vikorokoro. Kanunue waya mpya, ubadilishe, usiguse kingine, na mwendo utarudi.

La pili ni gumu. Diski zile si pacha. Zilikuwa pacha mwanzoni, nilipowaeleza kwa vidole. Oktoba ulilalamika wiki nzima kwamba video zinakwama, ndipo nikakaa Jumamosi na Jumapili nikabadilisha mpangilio wote. Sasa zinagawana. Kila faili linakatwa vipande vipande, kimoja huku, kinachofuata kule, na ndiyo maana mashine ilikuwa inakimbia vile. Lakini moja ikiondoka, nyingine haina kitu cha maana. Inabaki na nusu ya kila neno.

Nilikusudia kukuambia Jumatatu yake. Uliwasha mashine, ukapiga kelele, ukamwita Mama aje aone, ukaniita bingwa mbele yake. Mama akasema, "Huyu mwanangu akishika kitu kinapona." Nikaona nitasema baadaye. Halafu nikasafiri. Karatasi ya kwenye mfuniko ni ya zamani, nilisahau kuitoa. Uliponiandikia kwamba umefuta kadi zote za kinasa sauti nililala macho wazi, na bado nikakuandikia "nakili" kama mtu anayeshauri mwavuli.

Nakili, tafadhali. Sasa unajua kwa nini.

Kaka yako


Jumatano, 5 Machi

Nimezipata zote mbili.

Mvua haikunyesha. Duka lilikuwa wazi saa mbili asubuhi na mimi nilikuwa wa kwanza. Yule wa dhamana ana utaratibu wake: hapokei diski yenye vitu vya mtu. Aliichomeka, akaniuliza, "Dada, nifute?" Nikamwambia futa. Nilifikiri nitakaa hapo saa nzima, nilikuwa nimebeba hata kitabu. Sekunde nane. Hizi SSD zako ni za kasi kweli.

Kisha akaipima. Akasema, "Mbona hii ni nzima kabisa? Haina kosa." Akanirudishia kwenye taulo langu.

Nilirudi nyumbani nikaifunga, nikawasha. Mashine iliwaka, programu zikafunguka kutoka kidiski chao kidogo, folda ya Mama haikuwepo. Hata zile mia saba nilizokwisha kuzikata zilikuwa humohumo. Nimekwenda kwa mafundi watatu. Wa kwanza alicheka kidogo aliposikia, akaona uso wangu, akaacha. Wa pili alisema nusu iliyobaki si nusu ya sentensi, ni unga. Wa tatu alijaribu siku mbili na hakunitoza, ndipo nikajua hakuna kitu.

Unasema redio ni ya misiba tu. Tarehe 22 ungewaambia mama yako amekufa. Wangekuwashia. Miezi minne umedanganya ili uitwe bingwa, ukaja kukosa uongo mmoja ambao ungetufaa.

Na ujue hili ndilo silimezi: aliyesema "futa" ni mimi. Kwa mdomo wangu. Uliondoka ukaniachia neno hilo nilitamke mimi. Kila ninapofungua mdomo ndilo la kwanza kuja.

Usiniandikie. Barua zako sitazipokea, karani nimeshamwambia.


Jumatano, 12 Machi

Kifungua mimba wangu,

Barua yako ya Jumamosi, uliyoniandikia mimi, imenifikia. Karani alikatazwa za mdogo wako, za kwangu hakukatazwa. Umeomba msamaha mara tano katika ukurasa mmoja. Mwandiko wangu ni mbaya, maisha yangu yote nilikuwa nasema, kwa hiyo nitaandika machache.

Mtaalamu alikuja jana. Orodha inafungwa keshokutwa na sisi hatuna cha kupeleka. Alikasirika, si na sisi, alikaa tu na kofia yake magotini. Aliuliza kama kuna video ya zamani, ujumbe wa simu, chochote. Tulipata ujumbe mmoja kwenye simu ya mdogo wako, sekunde kumi na mbili, nasema nimefika sokoni na mtandao unakatika. Hazitoshi kutengeneza kitu. Sasa anausikiliza akiwa bafuni, maji yakiwa wazi, akidhani sisikii. Masikio yangu hayakukatwa.

Hasemi. Leo ni siku ya saba. Nilimwandikia, "Sema nami," akachukua kalamu akanijibu kwenye daftari langu, "Nipo, Mama." Ana koo zima, mwanangu, na ananijibu kwa kalamu. Wateja wanapiga simu, anaiacha inaita mpaka inachoka. Nyumba yangu ilikuwa ya kelele, mliigombania hata redio, na sasa nasikia friji. Kama ungetaka kuchukua sauti moja katika nyumba hii, yangu ilikuwa imekwisha kwenda. Ungemwachia yake.

Kuhusu waya sikulaumu, nyaya huharibika. Kuhusu kubadilisha diski pia sikulaumu, ulitaka kumfurahisha. Lakini ulisimama kwenye mlango wa gari na barua mfukoni. Hapo ndipo ninapokwama. Nimejaribu kukuona mahali hapo kama mtoto niliyemlea, na namwona mtu mzima anayehesabu nani atamsifu. Mficha uchi hazai, nilikuambia ukiwa darasa la tatu, ulipovunja saa ya baba yako ukailaza kitandani na kuifunika shuka.

Unauliza kama nimekusamehe. Sijui. Likija nitakuandikia. Lisipokuja, usidhani limepotea kwenye gari la mizigo.

Kimashine wamenipa hata hivyo, hicho cha sauti ya dukani. Ndani kuna mwanamke. Anatamka vizuri, sina la kumlaumu, pale stendi ningempa zamu ya asubuhi. Jana mchana niliandaa meza, nikabonyeza, "Mwanangu, njoo tule." Mdogo wako alitoka chumbani, akamsikiliza mpaka mwisho, akarudi ndani akafunga mlango. Nilikula peke yangu.

Mkataba wako unaisha Juni. Rudi, nyumba ni yako, sikufukuzi. Nitakuwa mlangoni nikikuona unashuka. Nitabonyeza, na mwanamke ambaye hakukuzaa atakuita mwanangu. Nawe utaitika, maana hakuna mwingine wa kukuita.

Mama yako